Kikombe cha Makosa

Hakuwa akiingia zahanati kwa mlango wa wafanyakazi. Aliingia kwa mlango wa wagonjwa, akatafuta nafasi kwenye benchi, akajifunika buibui lake hadi kidevuni na kungoja zamu yake kama mtu aliyekesha na jino. Waliomjua, wakimwona tu, walianza kutafuta vipima joto na kufuta meza. Mimi sikuwa nikimjua. Nilikuwa na miezi mitatu tangu nitoke chuoni, nimepangiwa zahanati moja ya ndani, mbele ya Tezo, na cheti changu nilikuwa nimekitia kioo na kukitundika mahali ambapo kila mgonjwa angekiona, hata kama wengi wao hawakujua kusoma.

Alipofika mbele yangu nilimuuliza bila kuinua kichwa, "Mama, waumwa na nini?" Akakohoa mara moja. Nikaandika dawa ya kikohozi, nikamkabidhi karatasi, nikaita, "Anayefuata!"

Hakuondoka.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba naumwa na kifua. Mimi nimekuja na mguu, mwanangu. Nimekohoa kwa vumbi la hapo mlangoni penu."

Akanyanyua buibui kidogo, akanionyesha kifundo kilichovimba kweli, maana alikuwa ametembea kutoka barabara kuu. Benchi zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Ndipo akanieleza yeye ni nani: mkufunzi wa wilaya, kazi yake kuzunguka zahanati za mashambani na kuwafundisha upya watu waliokwisha kufundishwa. Halafu akaniomba bandeji, akanitazama nikimfunga, akaifungua, akanionyesha namna ya kuifunga. Tangu siku hiyo nilimwita Mkufunzi kama walivyomwita wote. Jina lake nililijua kwa miaka mingi bila kulitumia hata mara moja.

Asili yake sikuwahi kumuuliza. Kiswahili chake kilitosha kuniambia kuwa si wa huku kwetu upande wa Kaloleni, bali wa visiwani. Kilikuwa kizito, kimenyooka, na hata akikugombeza ulitamani aendelee. Alikuwa mfupi, mwembamba, na vidole vyake vilikuwa vidogo kama vya mtoto wa shule. Vidole hivyo vina kisa chake, nitakifikia.

Gari la serikali lilikuwa lake kwa karatasi tu. Mara halina mafuta, mara limechukuliwa na mkubwa fulani kupeleka harusi. Hakungoja. Alidandia lori la korosho, lori la chokaa, trekta, chochote chenye magurudumu, na pale magurudumu yalipokwama alitembea. Nilimwona siku moja akitokea kwenye mvua ya masika, viatu vya raba mkononi, sanduku la barafu lenye chanjo kichwani. Wakati huo mimi nilikuwa nimefunga zahanati kwa sababu ya mvua hiyo hiyo. Aliweka sanduku chini, akakamua buibui, akauliza kina mama wako wapi. Nikatoka kwenda kuwaita nyumba kwa nyumba, nimelowa chapachapa, na wala sikuona baridi kwa aibu niliyokuwa nayo.

Darasa lake lilikuwa Alhamisi ya mwisho wa kila mwezi, barazani pa zahanati yetu kwa kuwa ilikuwa katikati ya nyingine. Tulikuwa kumi na wawili. Kulikuwa na wauguzi wa mashambani kama mimi, wakunga wawili, muuguzi wa hoteli moja ya Kikambala ambaye wagonjwa wake walikuwa Wazungu waliobabuka na jua, na mzee mmoja dresa, mfunga vidonda wa tangu enzi za ukoloni. Wengi wetu tulidhani kusoma kulikwisha siku tuliyopokea cheti. Mzee dresa ndiye aliyelisema waziwazi. Siku ya kwanza aligeuza kiti, akampa mgongo, akasema yeye alikuwa akifunga vidonda kabla mwanamke huyu hajaota meno.

Mkufunzi hakubishana naye. Alikwenda akasimama mbele ya ule upande aliougeukia, akamwambia, "Mzee wangu, shikamoo. Kuna kidonda cha mguu kilichonishinda tangu mwaka jana. Nifundishe." Mzee akamwangalia kama anayetafuta mtego. Hakukuwa na mtego. Alikuwa na mgonjwa kweli, na mzee kweli alimfundisha, saa nzima, na yeye akawa anaandika kila neno. Mwezi uliofuata mzee alikuja wa kwanza, na kiti chake kilikuwa kimeelekea mbele.

Maneno yake ya kila siku yalikuwa mawili. La kwanza ni hilo la "Umejuaje?" Ukisema mtoto ana malaria, umejuaje? Ukisema mama ameelewa, umejuaje? Lilituchosha sana, na mpaka leo sijaweza kuandika dawa bila kulisikia. La pili alilitumia kwa watu wanaojibu kwa kunong'ona. "Paza sauti, mwanangu, wa nyuma hawakusikii." Alilisema hata tukiwa watatu tumekaa mstari mmoja, hakuna nyuma wala mbele.

Msidhani alikuwa malaika. Alitukataza sigara huku shavu lake moja limejaa tambuu. Alitufundisha kuchoma sindano bila kumuumiza mtoto, lakini mtoto akianza kulia alitoka nje akajifanya anatafuta miwani, na miwani iko usoni. Kivuko cha Kilifi alikivuka mara nyingi kuliko mabaharia wake, na kila mara alifumba macho tangu kinapong'oa nanga hadi kinapogota ng'ambo, midomo ikimcheza kwa dua. Nilimtania siku moja, "Bi Mkufunzi, mtu wa visiwani aogopa maji?" Akajibu bila kufumbua macho, "Nayaogopa kwa kuwa nayajua. Wewe unacheka kwa kuwa huyajui." Na ukimkosoa pilau yake alinuna siku mbili. Lakini ukimkosoa dawa alikushukuru mbele za watu. Hilo la pili ndilo lililonifanya nimstaajabie maisha yangu yote.

Maana alikuwa na kikombe. Kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, kimebanduka rangi hapa na pale. Kila Alhamisi ya darasa alikiweka mezani kabla ya kitu kingine chochote. Kila mmoja wetu alitakiwa aandike kwenye kikaratasi kosa moja alilolifanya kazini mwezi huo, bila jina, akikunje, akitie. Baadaye Mkufunzi alivitoa kimoja kimoja, akavisoma, na somo la siku likawa ni hayo. Sharti lilikuwa moja tu: wa kwanza kutia ni mwalimu, na wa kwanza kusomwa ni yeye.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba alipokuwa mkunga mchanga alimfunika uso mtoto mchanga akidhani amekwisha kufa, akageuka kumshughulikia mama, na mtoto akapiga chafya ndani ya kanga. "Sasa ana duka kule Malindi," alisema. "Nikipita hunipa ndimu za bure, ati mimi ndiye niliyemzalisha. Hizo ndimu zanikwama kooni." Tulicheka mpaka machozi, kisha kila mtu akashika kalamu. Sijawahi kuona mkubwa mwingine wa serikali akifanya hivyo. Wakubwa niliowajua walikuwa wakikosea kila siku na kusaini kila siku.

Sasa nifike kwenye vidole.

Miaka ile watoto walikuwa wakifa kwa kuharisha, na vile vipakiti vya chumvichumvi vya kuchanganya na maji vilikuja kwa msimu kama embe. Vikiisha, Mkufunzi alitufundisha tuwaelekeze wazazi watengeneze wenyewe nyumbani: maji yaliyochemka, ya kujaa chupa mbili za soda; sukari ya kujaa kiganja; chumvi ya kushikwa kwa vidole vitatu. Halafu mzazi aonje. Isizidi machozi kwa chumvi. Ikizidi machozi, mwaga, anza upya. Alituonyesha kwa mkono wake mwenyewe, na sisi tukaenda kuwaonyesha watu.

Ijumaa moja alikuja mgema wa tembo, mtu wa kijiji cha pili kutoka kwangu, kambeba mwanawe wa kike wa mwaka na nusu. Mama mtoto naye alikuwa kitandani kwa ugonjwa huo huo. Vipakiti havikuwapo. Nami siku hiyo nilikuwa na harusi ya binamu yangu Kaloleni, nguo nimekwisha kupiga pasi, na foleni ilikuwa bado ndefu. Nilimweleza mgema upesi upesi. Maji, sukari, chumvi vidole vitatu. La kuonja sikulisema. Sikulisahau, nililiruka, kwa sababu kulieleza kungenipeleka kwenye machozi, na kwa nini machozi, na je akionja mkubwa dawa haipungui, na basi langu lilikuwa saa tisa.

Jumatatu asubuhi alirudi mbio. Mtoto alikuwa na kiu isiyokatika, analia kwa sauti nyembamba, macho yamezama, na alipomlaza mezani akakakamaa mwili mzima. Mkufunzi alikuwapo siku hiyo, benchini, kama kawaida yake. Alimshughulikia mtoto kwanza, mikono yake midogo ikienda bila haraka, akamtuma mtu barabarani asimamishe lori lolote linalokwenda hospitali kubwa. Ndipo akamgeukia baba.

"Hicho kinywaji umekitengenezaje, baba? Nionyeshe."

Mgema alikuwa nayo chupa. Akaomba chumvi. Mkufunzi akatandika karatasi mezani, na yule baba akachota kwa vidole vitatu, vidole vilivyokomaa kwa kamba na kisu na minazi ya miaka ishirini, akaweka. Kilikuwa kichuguu. Mkufunzi naye akachota kwa vidole vyake vitatu, akaweka pembeni. Yake ungeweza kuipuliza ikapotea. Alitazama yale mafungu mawili. Kisha akachukua chupa ya mgema, akamimina kidogo kwenye kiganja, akaonja, na uso wake ukabadilika.

"Hii ni mimi," akasema. "Nimewapimia watu wote kwa mkono wangu."

Halafu akaniangalia. "Ulimwambia aonje?"

Nikasema, "Nilimwambia."

Nilisema mbele ya yule baba, huku mtoto wake anakakamaa mezani. Yeye akanitazama. Nilidhani atanikana, na kama angenikana nadhani ningekubali. Lakini kwake mimi nilikuwa daktari, na yeye ni mtu wa kupanda minazi. Akainamisha kichwa.

"Labda mino, labda mimi sikusikia," akasema. "Nilijua dawa ni ya mwana, si yangu, sikuionja. Labda alisema nami sikusikia."

Mkufunzi akasema polepole, "Kama hakusikia, hatukumwambia." Lori lilikuwa limefika. Akapanda na mtoto mapajani, baba akapanda nyuma, wakaenda. Nilibaki na yale mafungu mawili ya chumvi juu ya karatasi na sikuthubutu kuyagusa mpaka jioni.

Mtoto alipona. Nimeandika hivyo kwa haraka kama nilivyoambiwa kwa haraka, siku ya tano, na niliposikia nilikwenda nyuma ya zahanati nikalia. Kupona kwake hakukunitoa pale nilipokuwa. Nilikuwa nimemtupia baba mtu kosa langu, naye akalibeba kwa adabu.

Alhamisi ya darasa ilipofika, Mkufunzi alitia kikaratasi chake, nasi tukatia vyetu. Akatoa chake, akasoma: "Nimepima kwa vidole vyangu, nikadhani vidole vyote ni vyangu." Akatueleza yote, hakujifichia kitu, na jina langu hakulitaja. Kisha akaanza kutoa vingine. Cha nne au cha tano alikikunjua, akakitazama. Kilikuwa kitupu. Alikitazama muda ule ule ambao angekisoma kama kingekuwa na maneno, akakikunja tena, akakiweka pamoja na vilivyosomwa, akachukua kinachofuata. Hakuuliza ni cha nani. Mimi nilikuwa nikichunguza kucha zangu.

Alichofanya baada ya hapo kilinishinda kuelewa. Alianza upya. Zahanati zote alizokuwa amefundisha, kutoka chini Kikambala hadi ndani nyuma ya Malindi, alizirudia moja moja, kwa malori yale yale na miguu ile ile, muda wa miezi. Kila alipofika aliwaomba watu wamlete mwanamume mwenye mikono mikubwa kuliko wote kijijini, akatandika karatasi, wakachota wote wawili, watu wakaona kwa macho yao. Halafu akatoa kizibo cha soda, akakijaza chumvi na kukisawazisha kwa kisu, akawaonyesha ni kiasi gani cha kutia, akasema, "Niliwafundisha vibaya. Mtoto mmoja aliponea chupuchupu kwa sababu yangu. Sahauni vidole." Nilifuatana naye safari ya Kaloleni nikimbebea mzigo, na muuguzi mmoja mkongwe wa huko akamvuta pembeni, nami nikasikia.

"Bi Mkufunzi, huoni watakudharau?"

"Na wanidharau," akasema. "Mtoto hanywi heshima yangu."

Nilikuwa nimeshika begi lake. Ningeweza kusema pale pale. Sikusema. Nilijiambia kwamba nitasema kwenye kivuko, lakini kivukoni alifumba macho akaanza dua zake, nami nikashukuru.

Miaka ikapita. Nilikuwa muuguzi mzuri. Nasema hivyo bila haya, kwa kuwa ni yeye aliyenifanya. Cheti nilikitoa ukutani. Nilikuwa nikiwaonjesha wazazi mbele yangu, kila mmoja, hata foleni ikifika barabarani, hata kukiwa na harusi. Na kila mwezi nilitia kikombeni makosa ya kweli, madogo na ya kati. Lile moja halikuingia. Mgema nilionana naye mara nyingi sokoni. Alinisalimia kwa heshima zake zote, na heshima zile zilinichoma.

Mwishoni mwa miaka ya themanini macho yake Mkufunzi yalianza kufifia kwa ugonjwa wa sukari, akastaafu, akaenda kukaa Malindi. Baada ya muda nikapokea barua ya ofisi: nimeteuliwa kuchukua nafasi yake. Karani aliyeniletea akanipongeza, akaniambia jina langu lilipendekezwa na mama mwenyewe. Watu walinishika mkono. Mimi usingizi ulinipotea, kwa sababu mwalimu ndiye wa kwanza kutia kikombeni, na mimi nilijua ni kosa gani ninalo.

Nikamwendea. Ilikuwa asubuhi. Chumba chake kilikuwa mji wa kale, kisafi, kina harufu ya asumini, naye ameketi kwenye kiti cha kamba akielekeza uso mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mkufunzi."

"Marahaba, mwanangu. Umevimba mguu? Wakanyaga kwa kusita."

Sikuweza kucheka. Kikombe kilikuwa rafuni, ndani yake fungu la miswaki. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote: Ijumaa ile, harusi, basi la saa tisa, lile neno nililoliruka, na uwongo nilioutamka mbele ya baba wa mtoto. Sikuweza kumtazama ingawa yeye hakuniona.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mtu aliyepakata mtoto mgonjwa hapitwi na neno."

"Na kile kikaratasi kitupu?"

"Kilikuwa chako. Niliwahesabu kwa hati zao, walioandika ni kumi na mmoja, ukabaki wewe."

"Basi kwa nini umenipendekeza mimi?" Nilikuwa karibu kumkasirikia. "Wako wengi wasio na doa hili."

"Wale wengine walikuwa wakiandika, wakitia, wakienda kula. Wewe hukuweza hata kuandika. Nikajua hilo limekukaa, na aliyekaliwa hivyo hataruka tena neno." Akapapasa ukutani hadi rafuni, akatoa miswaki, akanipa kikombe. "Yule baba yungali hai?"

"Yu hai. Bado anagema."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Basi umekosea mlango. Mimi si wa kuambiwa kwanza." Hakusema kwa ukali, na hilo lilikuwa zito kuliko ukali. "Lakini umekwisha kufika, jaribia kwangu. Una karatasi? Andika. Macho yangu hayasomi tena, kwa hivyo utanisomea mwenyewe."

Nikaandika. Mistari minne tu, na ilinilowesha shati kwa jasho. Akaketi, akakusanya buibui lake hadi kidevuni, mikono ile midogo juu ya magoti, kama nilivyomwona siku ya kwanza akingoja kwenye benchi la wagonjwa. Nikaanza kusoma.

"Paza sauti, mwanangu," akasema. "Wa nyuma hawakusikii."

Tulikuwa wawili tu chumbani. Nikainuka, nikamwona kwa macho ya moyo mgema wangu kule nyuma kabisa, kichwa amekiinamisha, nikapaza sauti na kuanza tena.